Abstract au concrete? Namna ya kutambua nomino dhahania za Kiingereza bila kubahatisha

Kwa miaka kadhaa nilifundisha kosa. Nilikuwa na darasa la tuisheni ya Kiingereza pale Mwanga, Kigoma mjini, vijana wa kidato cha kwanza ambao shule ya msingi walisoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu ghafla hisabati, jiografia na baiolojia vyote vimegeuka Kiingereza. Nikifika kwenye nomino, nilikuwa naandika ubaoni kilekile nilichoandikiwa mimi nilipokuwa na umri wao: kinachoonekana ni concrete noun, kisichoonekana ni abstract noun. Kifupi, kinakaririka, watoto wananakili, tunaendelea.

Siku moja nikauliza, "wind" ni ipi? Darasa zima likajibu abstract. Kijana mmoja wa nyuma, kwao Katonga, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, upepo kweli hauonekani. Lakini juzi usiku umepindua mtumbwi wa baba mdogo. Sasa kitu cha kuwaza tu kinapinduaje mtumbwi?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta ubao, nikawaambia tutaendelea kesho, nikaenda nyumbani kuanza upya. Haya yafuatayo ndiyo niliyofundisha tangu hapo, kwa mpangilio ambao nimeona unawafaa wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili.

Anza na majina yenyewe

Neno "concrete" kwa Kiingereza ndilo hilohilo linaloitwa zege kwenye ujenzi. Wanafunzi hucheka, lakini hawasahau tena. Asili yake ni Kilatini, maana yake kitu kilichoshikamana. "Abstract" nalo ni la Kilatini: kilichovutwa kando, kilichochopolewa kutoka ndani ya kingine.

Shika hilo la kuchopoa, maana ndilo linalobeba somo lote. Mama anagawa ugali. Anakata, anampa mkubwa, anampa wa kati, anampa mdogo, vipande vinalingana. Macho yako yameona nini? Mama, mwiko, sahani, ugali, mikono. Hivyo vyote ni concrete. Sasa unasema, "mama ana haki." Hiyo haki, "fairness", haikuwa kwenye sufuria. Umeichopoa wewe kwa akili kutoka kwenye mambo uliyoyaona. Hiyo ndiyo abstract. Kwa Kiswahili tunaiita nomino dhahania, na hiyo nyingine nitaiita nomino halisi.

Hatua ya kwanza: hakikisha neno ni nomino

Wengi hupoteza maksi hapa kabla hata ya kufika kwenye swali lenyewe. Ukimwambia mwanafunzi ataje abstract noun tano, ataandika "beautiful, honest, happy, free, angry". Hizo ni sifa, vivumishi. Nomino zake ni "beauty, honesty, happiness, freedom, anger".

Kipimo ni chepesi. Weka "my" mbele ya neno na "is" nyuma yake, kisha lisome kwa sauti. "My anger is..." inaendelea vizuri. "My angry is..." inakwama kooni. Ikikwama, siyo nomino.

Kiswahili kinatuponza kidogo hapa kwa sababu sisi tunasema "nina njaa", "nina hasira", "nina usingizi", yaani tunatumia nomino. Mwingereza mahali hapo hutumia kivumishi: "I am hungry, I am angry, I am sleepy." Kwa hiyo mtoto anaposikia "hungry" moja kwa moja anafikiri ni "njaa". Njaa ni "hunger".

Hatua ya pili: uliza mlango gani wa fahamu

Sahau habari ya kuonekana peke yake. Milango ya fahamu ni mitano: jicho, sikio, pua, ulimi, ngozi. Kitu kikiingia kwa mlango wowote kati ya hiyo, hata mmoja tu, ni nomino halisi. "Wind" inaingia kwa ngozi, na ikizidi inaingia kwa mtumbwi. "Air" inaingia kwa ngozi ukipuliziwa. "Music", "noise", "thunder" zinaingia kwa sikio. "Smoke" inaingia kwa jicho na pua kwa pamoja, na kwenye jicho inauma. Zote ni concrete, ingawa nyingi huwezi kuzishika wala kuziweka mfukoni.

Sasa utaona mtego ambao vitabu vya Kiingereza havitaji, kwa sababu waandishi wake hawazungumzi Kiswahili. Sisi tuna kitenzi kimoja, kusikia, kinachofanya kazi ya vitenzi vitatu vinne. Nasikia sauti. Nasikia harufu. Nasikia baridi. Nasikia njaa. Nasikia uchungu moyoni. Mwanafunzi wangu mmoja alishikilia kabisa kwamba "hunger" ni concrete: "Mwalimu, si tunaisikia?" Na kwa Kiswahili alikuwa sahihi.

Ndipo nikaanza kutumia kile tunachokiita darasani kipimo cha jirani. Uliza: mtu aliyekaa karibu yako, akiwa mzima wa viungo vyote, naye anakipata? Migebuka ikikaangwa dirishani, harufu unaipata wewe, anaipata jirani, anaipata na paka wa jirani. Basi "smell" ni halisi. Lakini njaa yako ni yako peke yako. Unaweza kukaa benchi moja na mtu aliyeshiba, mabega yanagusana, na asiwe na habari nayo. "Hunger" ni abstract. Vivyo hivyo "fear, love, sadness, pride, hope". Jirani anaweza kuona machozi, na "tears" ni concrete kabisa, lakini huzuni yenyewe anaikisia tu.

Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri kwa hisia. Kwa mambo kama "law", "price", "week" au "democracy", ambayo hayamo moyoni mwa mtu mmoja, rudi kwenye swali la milango: bei inanusika? Juma lina ladha gani? Kibao cha bei unakiona, kalenda unaiona. Bei na juma huvioni.

Chukua muuza dagaa pale Kibirizi umpime mwenyewe. Mezani pake kuna "fish", "scale", "bucket", "salt", "notebook". Hizo ni halisi. Ndani ya daftari kuna "debt", kuna "profit" siku nzuri, na kuna "loss". Ukilichoma daftari, umechoma karatasi. Deni bado unadaiwa. Mizani inashikika, lakini "weight" ni kipimo ulichochopoa kutoka kwenye dagaa. Na ziwa ni hilo hapo, "lake", lakini kina chake cha mita 1,470 hivi, "depth", hakuna aliyewahi kukiweka kwenye ndoo.

Hatua ya tatu: usiamini herufi U

Kiswahili kimetupa zawadi kubwa. Dhana nyingi kwetu zinaanza na U: mtoto, utoto, rafiki, urafiki, -zuri, uzuri, -vivu, uvivu, huru, uhuru. Walimu wengi husema tafsiri neno, likianza na U, ni abstract. Na mara nyingi inakubali: "childhood", "friendship", "beauty", "laziness", "freedom".

Halafu unakutana na ugali. Na uji, unga, ukuta, uzi, ubao, ufunguo, ulimi, uso, udongo, upepo. Vyote U, vyote halisi. Na upande wa pili zipo dhana zisizo na U kabisa: haki, amani, hofu, imani, elimu, bahati, deni, ndoto. Kwa hiyo tumia U kama kidokezo cha kwanza, kisha peleka neno kwenye milango mitano. Mtoto aliyekariri U peke yake ataandika "porridge" kwenye safu ya abstract, na nimeshaona.

Hatua ya nne: angalia mkia wa neno la Kiingereza

Kiingereza hakitangulizi U. Kinaweka alama mwishoni. Mikia inayofaa kukaririwa ni hii:

-ness: kindness, darkness, sickness
-ity na -ty: ability, responsibility, honesty, poverty
-ship: friendship, leadership
-hood: childhood, motherhood
-dom: freedom, wisdom
-ment: agreement, punishment
-tion na -sion: education, decision
-ance na -ence: importance, patience, silence
-th: truth, strength, length, growth

Huo wa mwisho una faida kubwa kwenye zoezi la kuunda nomino, lile la "form abstract nouns from the following words", kwa sababu irabu za katikati mara nyingi hubadilika: "long" inakuwa "length", "strong" inakuwa "strength", "wide" inakuwa "width", "deep" inakuwa "depth", na "die" inakuwa "death". Hayo hayakisiwi, yaandike mara kumi kumi.

Lakini mikia nayo ina wadanganyifu wake. "Witness" ina -ness, ila ni shahidi, mtu mwenye mwili aliyepanda kizimbani. "Station" ina -tion, na kila aliyeshuka treni Kigoma amekanyaga sakafu yake. "Cement" inaishia na -ment, na ni mfuko wa kilo 50 begani. "City" ina -ity. "Mouth", "tooth" na "cloth" zina -th. Njia ya kuwagundua ni kukata mkia na kutazama kinachobaki. "Kind" ni neno linalosimama lenyewe, "agree" pia, "educate" unaliona. Lakini "wit-" ya "witness" leo haikuambii shahidi, na "ce-" ya "cement" ni nini? Kisiposimama, shuku. Nasema shuku tu, maana "patience" nayo ukiikata haikuachii neno zima, na bado ni abstract.

Mwanafunzi aliwahi kuniuliza kama "friendship" inahusiana na meli. Hapana. Mkia -ship wa Kiingereza cha kale una undugu na "shape", umbo au hali. "Ship" ya majini ni neno jingine. MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma, ni "ship" ya chuma. Iko concrete kuliko maelezo yangu yote.

Na kumbuka zipo abstract zisizo na mkia wowote: "love, hope, fear, luck, peace, war, time, idea, joy, faith". Mwanafunzi anayetegemea mikia tu huzikosa hizi, nazo ndizo zinazopendwa kwenye mitihani.

Hatua ya tano: lisome neno ndani ya sentensi

Neno moja linaweza kukaa pande zote mbili. "My room has one window": chumba, halisi. "There was no room on the train": nafasi, dhahania. "He spent his youth in Ujiji": ujana, dhahania. "A youth was selling groundnuts at the gate": kijana, na karanga zake anazo mkononi. "The doctor listened to her heart" ni moyo unaodunda. "She lost heart" ni kukata tamaa.

Kwa sababu hii sipendi maswali yanayotoa orodha ya maneno matupu bila sentensi. Yakikukuta kwenye mtihani, jibu kwa maana ya kawaida zaidi ya neno na usianze kubishana na karatasi.

Kwa nini tunahangaika nalo

Mtu atauliza faida yake nini, zaidi ya maksi. Ipo kwenye "a", "the" na wingi, vitu ambavyo sisi kwetu hatuna au tunavifanya kwa njia nyingine kabisa.

Nomino dhahania isiyohesabika, ikisemwa kwa ujumla, haitangulizwi "the". "Honesty is important." Ukiandika "The honesty is important," msomaji atauliza, uaminifu wa nani? Inakuja "the" pale unapoifunga kwa mwenyewe: "The honesty of that boatman surprised us." Vilevile "Life is hard", siyo "The life is hard". Kosa hili nalisahihisha kila wiki, hata kwa watu wazima wenye vyeti.

Kosa la pili ni kudhani abstract maana yake haihesabiki. Siyo kweli, na hapa ndipo watu wazuri huanguka. "Idea, problem, reason, promise, mistake" ni dhahania na zinahesabika: "three ideas", "many promises". "Advice, information, knowledge, patience" ni dhahania na hazihesabiki: hakuna "advices", hakuna "informations", japo sisi tunasema nasaha na taarifa nyingi bila shida. Na upande wa halisi mambo ni hayohayo: "bucket" inahesabika, "rice", "water" na "furniture" hazihesabiki. Kwa hiyo uliza maswali mawili tofauti. La kwanza, inaingia kwa mlango wa fahamu? La pili, Kiingereza kinaihesabu? Jibu la moja halikupi jibu la jingine, na kwa hilo la pili kamusi ndiyo hakimu.

Tulifanye moja pamoja

Aya hii huwa naiandika ubaoni:

"Before sunrise the boats return to Katonga. The women wait on the sand with buckets and hope. The smell of fish is everywhere. There is noise, there is laughter, and sometimes there is an argument about the price. My aunt has patience. Last week she lost her scale, but she did not lose her courage."

Rahisi kwanza: "boats, women, sand, buckets, fish, aunt, scale" ni halisi, na "Katonga" ni nomino ya pekee ya mahali unapoweza kupakanyaga, kwa hiyo nayo ni halisi. "Hope" ni dhahania. Angalia ilivyowekwa sambamba na ndoo, kina mama wamekuja na vyote viwili lakini kimoja tu ndicho kitakachobeba dagaa. "Smell" ni halisi kwa pua, "noise" na "laughter" kwa sikio. Wengi hukosea "laughter" kwa sababu wanafikiria furaha iliyoko nyuma yake. Furaha, "joy", ndiyo dhahania. Kicheko chenyewe kinasikika mpaka barabarani. "Price, patience, week, courage" ni dhahania. Kupoteza mizani na kutopoteza ujasiri kunatumia kitenzi kilekile, "lose", kwa hiyo kitenzi hakikusaidii kupanga.

Zimebaki mbili, "sunrise" na "argument", na hapa walimu hatukubaliani. Mimi "sunrise" naipa halisi, maana jicho linaliona tukio lenyewe likitokea. "Argument" naipa dhahania: sikio linapata sauti, lakini kwamba sauti hizo ni ubishi na siyo salamu za watu wenye kelele, hilo umelichopoa wewe. Matukio yote yana utata huu. Stanley na Livingstone walikutana Ujiji mwaka 1871. Aliyekuwepo aliona watu wawili, kofia, umati. "Meeting" yenyewe aliiona au aliiwaza? Vitabu vingi vinaweka maneno ya namna hii upande wa dhahania, na kwenye mtihani ningefuata vitabu. Ukipewa nafasi ya kueleza, andika sababu yako kwa sentensi moja; msahihishaji anayesoma sababu ni rahisi kukuelewa.

Ya kujipima

Panga haya peke yako kabla ya kusoma chini: thunder, bravery, steam, knowledge, pavement, luck, echo, distance, perfume, silence.

"Thunder", "steam", "echo" na "perfume" ni halisi: sikio, ngozi na jicho, sikio, pua. "Pavement" ni mdanganyifu wa -ment, unatembea juu yake. "Bravery", "knowledge", "luck" na "distance" ni dhahania.

"Silence" niliiacha makusudi. Mkia wake -ence unasema dhahania, na hilo ndilo jibu la kuandika. Lakini yule kijana wa Katonga alinyoosha mkono tena. Alisema usiku wa mbalamwezi boti za dagaa haziendi ziwani, injini zote zimezimwa, na ukilala unausikia ukimya mpaka unakuamsha. Nilimuuliza unaingia kwa mlango gani. Akasema sikio. Nikamuuliza sikio linapokea nini. Akafikiri, akakaa, kisha akaandika neno kwenye safu ya abstract na kulizungushia alama ya kuuliza. Nilimpa maksi.